Kununua mfumo au kutengeneza wa kwenu: mwongozo kwa vyama na biashara za Tabora

Swali la kununua mfumo wa kompyuta au kutengeneza wa kwenu mara nyingi hufika kwenye bodi likiwa limeshajibiwa. Mwenyekiti amekutana na kijana anayejua kompyuta, kijana amesema anaweza kuwatengenezea mfumo, na wajumbe wanaitwa kupitisha bei tu. Au wakala ameshuka kutoka Dar es Salaam na kompyuta mpakato yake, amewaonyesha chati za rangi zinazopanda na kushuka, na mkataba wa mwaka mmoja uko mezani unasubiri muhuri.

Humu nitatumia mfano wa chama cha wafugaji nyuki kinachokusanya asali kutoka vijiji vya Sikonge, Uyui au Kaliua na kuiuza kwa pamoja. AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) ya tumbaku, SACCOS (chama cha akiba na mikopo), duka la jumla au shule binafsi watabadilisha majina ya vitu, hatua zitabaki zilezile.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mjue mnasoma nini: nunueni kila kitu ambacho wenzenu wote wanakifanya vilevile, tengenezeni kile tu ambacho ni cha kwenu, na hata hicho kiwe kidogo. Bei ya kuanzia si sababu kubwa. Kinachonifanya niseme hivyo ni mwaka wa tatu, wakati kijana aliyetengeneza ameshapata ajira Dodoma, bajeti ya Juni imebadilisha viwango vya makato, na karani mpya anauliza hiki kitufe ni cha nini.

Hatua ya 1: Andikeni kazi kwanza

Msianze na orodha ya mnachotaka mfumo ufanye. Orodha ya namna hiyo huwa ndefu na huwa ya uongo, kwa sababu kila mjumbe anaongeza chake ili asionekane hana mchango. Fuateni ndoo moja ya asali tangu inapofika ghalani mpaka mwenyewe anapolipwa, mkaandika kila mahali inapoguswa na kila mtu anayeandika kitu.

Ndoo inafika kwa pikipiki au kwa lori la kijiji. Karani anaipima ikiwa na asali, kisha anatoa uzito wa ndoo yenyewe. Ndoo ni ya nani? Wengine wamekopeshwa ndoo na chama tangu kabla ya kurina, wengine wamekuja na zao. Anaweka tone la asali kwenye kipima unyevu, kwa sababu asali yenye maji mengi huchachuka ghalani. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, imeweka ukomo wa unyevu wa 20% kwa asali nyingi, na mnunuzi wa nje atauliza namba hiyo kabla hajauliza bei. Anaandika jina, kijiji, kambi na tarehe. Anakata deni la mavazi ya kurinia na mabomba ya moshi. Anatoa stakabadhi. Malipo yenyewe huenda yakatoka baada ya wiki kadhaa, mzigo ukishauzwa.

Sasa angalieni mahali ugomvi unapozaliwa, maana hapo ndipo mfumo unapotakiwa kusaidia. Kwenye asali ugomvi wa kwanza ni lita na kilo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina karibu kilo 28, na mfugaji aliyezoea kuuza kwa ndoo barabarani hakubali kirahisi hesabu ya kilo asiyoiona ikifanyika. Wa pili ni majina. Mko na kina Juma wangapi kwenye kijiji kimoja? Wa tatu ni yule mzee anayerudi baada ya mwezi na kusema, "Mwanangu, ndoo yangu moja mmeisahau." Karani anamwonyesha nini?

Kazi hii ichukue siku nzima, na afanye mtu anayeshika mizani. Mhasibu akiifanya peke yake ataandika inavyotakiwa kuwa.

Hatua ya 2: Gaweni mafungu mawili

Chukueni karatasi mliyoandika, wekeni alama kwenye kila kazi: hii inafanywa na kila taasisi Tanzania, au hii ni ya kwetu?

Mishahara ni ya kila mtu. Hapa sitabembeleza: msitengeneze mfumo wa mishahara. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ilishuka kutoka 4.5% hadi 4% mwaka 2020. Mwaka 2021 idadi ya wafanyakazi inayomfanya mwajiri aanze kuilipa ikapanda kutoka wanne hadi kumi. Mwaka 2023 kiwango kikashuka tena hadi 3.5%. Hiyo ni tozo moja tu, bado kuna PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii), WCF (fidia kwa wafanyakazi) na makato ya Bodi ya Mikopo. Kampuni inayouza mfumo wa mishahara kwa wateja wengi inarekebisha mara moja kwa ajili ya wote. Ninyi mtamtafuta kijana wenu kila Julai, naye atakuwa hapokei simu.

Stakabadhi za kodi ni vilevile. Tangu mashine za EFD, zile za kutolea stakabadhi za kodi, zianze kutumika mwaka 2010, stakabadhi ya mauzo imekuwa jambo la TRA, na programu inayotoa stakabadhi lazima iongee na mfumo wa TRA kwa njia iliyokubaliwa. Tafuteni kilichokwisha kuidhinishwa. Leja, mizania, hesabu za benki: nunueni. Kutunza nywila na kuingia kwenye mfumo: msimruhusu mtu yeyote abuni njia yake mwenyewe, atumie iliyokwisha kupimwa na dunia nzima.

Fungu la pili kwa kawaida ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa chama cha asali ni meza ya mapokezi: uzito wa ndoo tupu, ndoo za mkopo, unyevu, kambi asali ilikotoka. Mifumo ya maduka inajua bidhaa, idadi na bei. Haijui kwamba mfugaji ana ndoo zenu nne nyumbani. Kwa AMCOS ya tumbaku fungu hili ni madaraja ya majani na mkopo wa pembejeo unaokatwa siku ya soko. Duka la jumla la pale Soko Kuu huenda halina fungu la pili kabisa, na mwenye duka akiambiwa biashara yake ni ya kipekee inayohitaji mfumo wa kipekee, ajue anauziwa.

Hatua ya 3: Angalieni mlicho nacho

Watu huiruka hatua hii kwa sababu haina picha za kupiga siku ya uzinduzi.

Chama cha ushirika kinaanza kwa kumuuliza afisa ushirika wa wilaya: mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika unafanya kazi zipi tayari, na zipi mtalazimika kuingiza humo hata mkiwa na mfumo wenu? Kulipia kitu ambacho mtakiandika mara mbili ni hasara ya pesa na ya karani.

Halafu kuna njia ya katikati ambayo mawakala hawaizungumzii, maana haina kamisheni. ODK na KoboToolbox ni programu za kukusanya taarifa kwa simu ya Android. Zinafanya kazi bila mtandao; simu inahifadhi fomu, ikifika mahali penye mtandao inatuma. Kwa mtu anayepokea asali kambini ndani ya miombo, ambako unapanda kichuguu kutafuta mnara, hilo si jambo dogo. Fomu zenyewe huandikwa kwenye jedwali la Excel. Safu moja inauliza uzito wa jumla, inayofuata uzito wa ndoo, ya tatu inatoa moja kwa nyingine yenyewe, na mnaweza kuweka sharti kwamba unyevu ukizidi kiwango chenu fomu isikubali mpaka karani aandike sababu. Mtu anayejua Excel vizuri anajifunza haya kwa siku chache.

Upungufu wake upo. Hazikuundwa kuwa leja wala kutoa stakabadhi, na mfugaji haondoki mezani mikono mitupu. Kwa hiyo kitabu cha stakabadhi chenye kaboni kinabaki pale pale, namba ya stakabadhi inaandikwa kwenye fomu. Mimi sioni aibu yoyote kwenye mpango huo. Vyama vingi vingeishi nao miaka mitano bila shida.

Kwa wanaohitaji zaidi kuna mifumo huria, ambayo msimbo wake (maandishi ya programu) uko wazi kwa wote: ERPNext kwa stoo na hesabu, Odoo ya toleo la jamii kwa stoo, Apache Fineract kwa mikopo na akiba. Leseni hailipiwi, lakini seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo, inalipiwa, na anayeisimamia analipwa. Mkiambiwa ni ya bure, ulizeni nani atakayeamka saa nane usiku ikigoma.

Hatua ya 4: Pigeni hesabu ya miaka mitatu

Bei ya siku ya kwanza inapotosha pande zote mbili. Chukueni mfano huu. Namba ni za kujifunzia, wekeni za kwenu.

Mfumo wa kununua: ada TSh 150,000 kwa mwezi, miezi 36, ni 5,400,000. Kuufunga na kuhamisha taarifa za zamani 1,500,000. Mafunzo 600,000. Jumla TSh 7,500,000.

Mfumo wa kutengeneza: kijana anataka 6,000,000, na kwa mtazamo wa haraka ameshinda. Ongezeni seva TSh 60,000 kwa mwezi, miezi 36, ni 2,160,000. Ongezeni matengenezo. Makampuni ya programu hutoza kwa mwaka kati ya 15% na 25% ya bei ya leseni kwa kazi hiyo. Tuchukue 20% ya milioni sita, na tuseme mwaka wa kwanza uko ndani ya dhamana, inabaki miaka miwili, 2,400,000. Jumla TSh 10,560,000, na hapo hamjahesabu siku ambazo karani na mhasibu wenu watakaa na kijana wakimweleza ndoo ya mkopo ni kitu gani.

Hesabu inaweza kugeuka. Ada ikitozwa kwa kila mtumiaji na ninyi mna makarani kumi na wawili vituoni, kununua kunaweza kupanda haraka kuliko mlivyotarajia. Ada ikiwa kwa dola, weka tahadhari nyingine: mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu TSh 2,300, katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Ada ya dola 50 kwa mwezi ilipanda kwa zaidi ya TSh 15,000 bila muuzaji kugusa bei yake. Ombeni bei kwa shilingi, na muandike kwenye mkataba itaongezeka lini na kwa kiasi gani.

Kuna hoja mpya ambayo vijana wanaileta: kwa msaada wa akili mnemba mfumo unajengwa kwa wiki moja. Ni kweli, nimeiona ikifanyika, na skrini zinapendeza. Kilichopungua ni gharama ya kuujenga. Ile milioni 4.5 ya seva na matengenezo kwenye mfano wetu iko palepale, na fundi wa pili akija kurekebisha msimbo ambao hata wa kwanza hakuuandika kwa mkono wake, atataka alipwe zaidi.

Hatua ya 5: Mkielekea kununua, mjaribuni muuzaji kwa daftari lenu

Muuzaji ana maonyesho yake aliyoyapanga, yenye wateja wa kubuni ambao hawakosei. Msiyatazame. Mpeni ukurasa mmoja wa daftari la mapokezi wa siku iliyokuwa na msongamano kuliko zote, mwambieni karani wenu, si yeye, auingize mbele yenu. Mwenyekiti akae pembeni.

Katikati ya kazi chomoeni waya wa umeme. Umeme ukirudi, ile ndoo iliyokuwa nusu imeandikwa iko wapi? Kisha andikeni ndoo moja mara mbili kwa makusudi na mwambieni aifute. Mfumo mzuri hautakubali kufuta. Utaandika marekebisho, nani kafanya na saa ngapi, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akija ataviona vyote viwili. Mfumo unaofuta bila kuacha alama ni hatari kuliko daftari, kwa sababu kwenye daftari mkwaruzo unaonekana. Ingizeni watu wawili wenye jina moja. Ingizeni mtu asiye na simu.

Jaribio la mwisho ndilo ninalolipa uzito mkubwa, na ndilo wauzaji wengi hawalipendi: mwambieni atoe taarifa zenu zote, wanachama, mapokezi, madeni, malipo, ziwe kwenye faili la Excel au CSV, hapo hapo. Ripoti za PDF zilizopambwa hazihesabiki. Akisema hilo linafanywa na makao makuu kwa maombi maalumu, mmeshajua siku ya kuachana itakuwaje. Mfumo ambao hamwezi kuuacha mkiwa na taarifa zenu mikononi msiununue, hata ukiwa nusu bei.

Pigeni simu kwa wateja wake wawili. Mtafuteni karani wao, maana viongozi husifu walichokinunua. Swali moja linatosha: mara ya mwisho mfumo ulipogoma, mlisubiri muda gani?

Hatua ya 6: Mkielekea kutengeneza, mkataba ndio mfumo

Tabora haina uhaba wa vijana wenye uwezo. Vyuo vipo, na mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi huja kwa bei ya chini. Shida ya mradi wa mwaka wa mwisho ni kwamba unakwisha mwaka wa mwisho. Mkimpa kazi, mpeni fomu ya mapokezi au ripoti moja, msimpe leja.

Kwa yeyote mtakayempa, haya yaandikwe na kusainiwa kabla ya malipo ya kwanza. Msimbo ni mali ya chama, na unawekwa kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya chama tangu siku ya kwanza. Jina la tovuti, la .or.tz au .co.tz, linasajiliwa kwa jina la chama. Hili dogo ndilo linalowatesa watu wengi, kwani anayemiliki jina akikasirika anaweza kuwazimia kila kitu kwa halali. Seva inalipiwa na chama, nywila zake zimo kwenye bahasha ndani ya kasha la mweka hazina.

Malipo yafuate kazi inayoonekana: sehemu mkisaini, sehemu mapokezi yakifanya kazi ghalani, sehemu malipo ya wafugaji yakikubaliana na daftari, na fungu la mwisho libaki mpaka jaribio hili lifanyike. Tafuteni fundi mwingine asiyehusika, mpeni kompyuta tupu, msimbo, nakala ya taarifa na maelekezo aliyoandika wa kwanza. Akiweza kuusimamisha mfumo bila kumpigia simu mwenzake, lipeni. Akishindwa, bado hamjakabidhiwa. Kijana mzuri atayakubali masharti haya kwa sababu yanamlinda na yeye asiitwe kila siku.

Anza na kazi moja. Mapokezi tu, msimu mmoja. Kila mjumbe atakayesema "na tuongeze kidogo…" aambiwe aandike ombi lake kwenye kitabu, litajadiliwa msimu ukiisha. Kabla ya kutia saini hakikisheni fedha ziko kwenye makisio yaliyopita mkutano mkuu, pamoja na za matengenezo ya mwaka wa pili na wa tatu. Bila fungu hilo mmenunua mfumo wa mwaka mmoja.

Hatua ya 7: Taarifa za watu

Majina, simu, namba za NIDA na madeni ya wanachama yako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kununua mfumo hakuwaondolei wajibu. Muulizeni muuzaji kama amesajiliwa na seva iko nchi gani, maana kupeleka taarifa nje ya Tanzania kuna masharti yake. Na msikusanye msichokihitaji. Sijaona sababu ya mfumo wa asali kutaka dini ya mfugaji.

Hatua ya 8: Kuanza

Msianze siku ya kwanza ya msimu. Anzeni wakati ghala limetulia, kwa kituo kimoja, daftari na mfumo vikienda sambamba. Kila jioni karani na mhasibu walinganishe kilo za siku. Zikitofautiana, tafuteni sababu usiku huo huo. Kesho yake hakuna atakayekumbuka ile ndoo iliyopimwa mara mbili.

Nakala ya taarifa zote itolewe kila wiki na kuwekwa kwenye diski ya nje inayokaa nje ya ofisi, na mara moja kwa mwezi mtu aifungue kuona kama inasomeka. Chagueni watu wawili wanaoujua mfumo kwa undani, mmoja wao awe mtu ambaye hana mpango wa kuhama. Daftari lifungwe pale tu malipo ya msimu mzima yamelipwa kutoka kwenye mfumo, na orodha ya wanaodai imesomwa kwa sauti kwenye mikutano ya vijiji bila mtu kunyoosha mkono.